Mkebe wa Kumi na Sita

Vijana wangu wa chumba cha mashine, siku ile ya kuniaga mliniandalia chai na keki, mkasema mengi mazuri juu yangu, mengine hata si ya kweli. Mmoja wenu akaniomba niandike jinsi kazi ya sinema ilivyokuwa zamani. Sasa ni wiki ya tatu nimekaa hapa mtaa wa Majimbo, Embu, sina la kufanya mchana ila kufukuza kuku wa jirani, kwa hivyo nimeandika. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye kushika mashine na mwenye kushika ufagio, na mimi nilishika vyote viwili.

Nilianza Meru mjini wakati Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili. Nilikuwa kijana wa Ruiri, nimemaliza shule ya msingi, na baba alikuwa ameshakata tamaa kwamba nitapenda ng'ombe. Mwenye sinema tulimwita Haji, Mwislamu mfanyabiashara aliyeuza vitambaa na unga upande wa mbele wa jengo. Upande wa nyuma ulikuwa ghala la mahindi. Jumamosi na Jumapili magunia yalisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa, madirisha yakazibwa kwa gunia na ghala likawa ukumbi. Waliochelewa walikaa juu ya mahindi, na kusema kweli ndio waliona vizuri kuliko wote.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njeru, mtu wa Embu. Sinema aliijulia jeshini, vita vya Burma, ambako alibeba mashine ya kuwaonyesha askari picha. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, nikidhani nitageuza swichi mbili tatu nionekane bwana mkubwa. Alinipa mswaki na kitambaa. Akanionyesha tundu dogo ambamo mkanda unapita mbele ya taa, akasema nisugue. Nilisugua wiki tatu. Nilipouliza nitaanza kazi lini, alinijibu kwamba unywele mmoja hapa, kule ukutani ni nyoka, na watu hawakulipa kuona nyoka.

Ninyi wa siku hizi mnaweka kaseti mnaenda kunywa soda, kwa hivyo wacha niwaeleze. Picha ilitoka Nairobi kwa basi, imekatwa vipande, kila kipande kimesokotwa kwenye gurudumu lake ndani ya mkebe. Kipande hicho tuliita rili, na kilichukua kama dakika kumi. Picha ya Kimarekani ilikuwa na mikebe minane au tisa. Ya Kihindi kumi na sita. Taa yetu haikuwa balbu, ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua vikikaribiana, na unavisogeza kwa mkono kila dakika, la sivyo stelingi, yaani mchezaji mkuu, anaingia giza katikati ya busu. Vijiti hivyo Haji alivifungia kabatini na ufunguo aliuvaa shingoni. Tulipewa vya kutosha maonyesho mawili, basi. Kuitazama picha kwanza peke yako ujue imekaaje, hiyo ilikuwa anasa.

Njeru alikuwa mtu wa Wamarekani. Kwake sinema ilikuwa farasi, vumbi na mwanamume asiyesema maneno mengi. Mimi nilimwambia hao si watu. Mtu gani anamzika ndugu yake asubuhi na saa sita anacheza karata? Na kofia haimwanguki hata akipigwa ngumi atokee dirishani. Watu wa kwetu Ruiri, ambao ng'ombe wanawajua, walitoka kwenye kauboi wakinung'unika kabisa. Wanaume kumi na watano juu ya farasi kuchunga kundi ambalo kwetu linachungwa na mtu mmoja na fimbo, na picha nzima hakuna aliyekamua hata mmoja. Baba yangu alitazama moja tu maishani mwake. Alisema ng'ombe walikuwa wazuri lakini wenyewe hawawastahili.

Halafu kulikuwa na shida ya wale wenyeji wenye manyoya kichwani, ambao nchi ni yao na ndio wanaopigwa. Mlangoni mwetu amesimama homgadi, mlinzi wa serikali, na bunduki, ndani wamekaa watu ambao wiki nzima wamechimba handaki kwa lazima. Nani amshangilie nani? Basi watu walikohoa. Mshale ukimpata askari, ukumbi mzima unakohoa. Siku moja ofisa wa Kizungu aliyekuja kukagua aliuliza kama watu hawa wana kifua kikuu. Haji akamwambia ni vumbi la mahindi.

Mimi nilikuwa mtu wa Wahindi, na niko hivyo mpaka leo. Mmarekani akiachana na mpenzi wake anagusa kofia anaenda zake. Mhindi analia, mvua inanyesha, anaimba, anashika mti, anaimba tena. Njeru aliniuliza wale wapiga fidla wamejificha wapi huko porini. Nikamwambia ni palepale walipojificha wapiga tarumbeta wa kauboi wako. Tulibishana hivi tukipaka mashine mafuta, tukiunga mkanda kwa wembe na gundi, tukila githeri kwenye sufuria moja. Sijawahi kubishana na mtu vizuri hivyo tena. Nyinyi nikisema jambo mnaitikia tu, ndio mzee, ndio mzee.

Kihindi hatukujua hata neno. Haji, aliyekijua kidogo kwa biashara, alisimama mbele kabla ya picha na bango lake mkononi akatueleza nani ni mama na nani ni adui, kisha akakaa akalia kabla ya kila mtu. Lakini kumtamani mtu aliye mbali hakuhitaji mkalimani. Nusu ya waliokaa pale walikuwa na mtu wao mahali: kambi ya kizuizini, jela, msituni, au ng'ambo ya mto ambao huvuki bila pasi. Njeru mwenyewe mke wake, Ciarunji, alikuwa Embu, amehamishiwa kijiji kipya chenye handaki na miiba pande zote. Kwa basi ni safari ya siku moja. Hawakuwa wameonana miaka miwili, kwa sababu pasi ya kutoka Meru hadi Embu alinyimwa kila alipoomba. Hakulizungumzia sana. Ila basi la Embu likiingia mjini aliacha chochote alichoshika, akatoka nje kulitazama likishusha watu mpaka wa mwisho, kisha akarudi kazini.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Kafyu, amri ya kutotoka nje, ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Watu wa vijijini lazima wawe wamevuka handaki kabla ya lango kufungwa, na wengine walitembea saa nzima na zaidi. Kwa hivyo homgadi wa mlangoni alitoa watu saa kumi na nusu, picha imeisha ama haijaisha. Kauboi ilitosha na dakika zikabaki. Ya Kihindi, ukianza saa nane, na mashine ni moja, na kila rili ikiisha unasimama kubadilisha, haiwezi kuisha. Kwa hivyo kila wiki tulichagua rili tatu za kuacha, kwa kusoma karatasi ya Nairobi iliyotaja kila rili kwa neno moja tu: wimbo, kesi, harusi, mwisho. Haji alikataza kuacha rili yenye wimbo. Njeru alikuwa na sheria yake moja, na hiyo naomba muiandike ukutani. Acha mchekeshaji, acha kesi mahakamani, acha hata harusi, lakini mwisho usiache. Alisema mtu akikosa katikati ataijaza mwenyewe akitembea, lakini ukimnyima mwisho hatalala.

Ndipo ikaja ile tuliyoiita ya Kisima. Mwanamume anasingiziwa kosa, anapelekwa ng'ambo kufungwa. Mke wake anakuja kisimani kila jioni na mtungi, anatazama njia, anaimba. Wimbo huo unakuja rili ya nne, ya tisa na ya kumi na nne. Nikiwa nafua nguo hapa Majimbo bado unanijia, na sijui maana ya neno lake hata moja.

Jumamosi hiyo Njeru hakuwapo. Alikuwa bomani kupiga foleni tena kwa pasi ya Embu. Aliniachia mashine kwa mara ya kwanza, akanitajia rili za kuacha, na mimi kwa kiburi changu nikaona ameionea picha. Mojawapo ilikuwa ya kumi, inayofuata ule wimbo mara ya pili, na mimi nilitaka kuona kinachofuata. Nikaipachika: mwanamke anaota bwana yake amerudi, na hapo hakuna wimbo ila filimbi tu, lakini filimbi hiyo ilinikata maini. Mkanda ukakatika mara mbili, gundi ikachelewa kukauka. Saa kumi na nusu homgadi akafungua mlango, mwanga ukaingia, na mkebe wa kumi na sita ulikuwa bado sakafuni umefunikwa. Watu walitoka wakigombana kama yule mwanamume atarudi au hatarudi. Mwanamke mmoja wa sokoni Gakoromone alinitazama kana kwamba nimemwibia kapu.

Njeru alirudi jioni. Bomani walimwambia aje Jumatatu, na stempu ya kukaa Meru nayo ilikuwa inaisha siku ileile, wakamwambia hiyo pia Jumatatu. Akaniuliza kazi imeendaje. Nikasema vizuri. Akauliza mwisho umetoka. Nikasema umetoka. Niliogopa tu kugombezwa, hakuna sababu nyingine.

Akasema, “Usiniambie.”

Nilishangaa. Huyu ni mtu aliyekuwa akilala usingizi kwenye picha za Wahindi tangu wimbo wa kwanza.

Jumapili tuliianza pamoja. Rili ya nne ilipoingia alisimama kwenye tundu letu la kuchungulia, na hakutoka hapo. Nilibadilisha rili peke yangu, nikasogeza kaboni peke yangu. Alitazama mwanamke yule akiweka mtungi chini na kutazama njia, na hakusema lolote juu ya wapiga fidla. Tulikuwa na wakati. Nilihesabu kwamba safari hii mwisho utatoka na hatajua kamwe nilichofanya.

Rili ya kumi na tatu ilikuwa inamalizika niliposikia lori. Mlango ukafunguliwa, askari wakaingia, wakaamrisha taa. Wote wa Embu na Wakikuyu watoke na vipande vyao vya utambulisho mkononi. Njeru alishuka ngazi na koti alilolitoa kwenye msumari wake, kitambaa cha mafuta kikiwa bado begani. Stempu yake ilikuwa imepita siku moja. Haji alikuja mbio na kofia mkononi, akaeleza habari za Jumatatu, akaapa, akambembeleza yule ofisa mpaka nikamwonea haya. Haikusaidia kitu. Walimpandisha pamoja na wengine kama ishirini.

Nilisogea mpaka kwenye ubao wa nyuma wa lori. Nilidhani ataniambia nimpelekee mke wake habari, au nimtunzie vitu vyake. Aliinama.

“Kirimi, niambie sasa. Alirudi?”

Mimi sikujua. Nilikuwa nimemdanganya kwamba najua, na sasa ameketi kwenye lori ananitazama.

“Alirudi,” nikasema. “Walikutana palepale kisimani. Mtungi ulimwanguka.”

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake, akakaa sawasawa. Lori likaondoka.

Asubuhi yake, kabla ya kupeleka mikebe kwa basi, nilichukua vipande vya kaboni vilivyobaki nikaonyesha rili ya kumi na sita peke yangu ghalani. Mwanamume anarudi kweli. Anakimbia ile njia yote. Kisimani anakuta mtungi umekauka, na mama mzee anampa bangili. Mke alikufa masika yaliyopita. Rili inaisha mwanamume amekaa pale, na wimbo unaimbwa bila mwimbaji kuonekana. Nilikaa kwenye benchi mpaka Haji akaja kuuliza kwa nini mashine ina moto.

Miaka minne ikapita. Niliishika mashine peke yangu, nikasugua lile tundu kila siku kwa mswaki, na hakuna aliyeniambia kauboi ni bora. Nilimkosa Njeru kama mtu anavyokosa jino, ulimi kila wakati unaenda palepale. Siku moja mtu aliyetoka kambini alikuja kutafuta kazi ya kubeba magunia. Alipojua hapa ndipo sinema, akaniuliza kama tuna ile ya Kisima. Nikamuuliza ameionea wapi. Akasema hajaiona, ila anaijua yote. Kuna mzee wa Embu kule huwasimulia jioni, na wimbo anauvumisha kwa pua kwa sababu maneno hayajui. Siku ambazo wamepigwa sana wanaume humwomba aruke katikati, aende moja kwa moja mahali mtungi unapoanguka.

Nilimwambia aanze kazi kesho. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikasimama huko. Nilitaka kumwandikia Njeru, lakini ningeandika nini? Kwamba hakuna mtungi ulioanguka?

Habari za Ciarunji zililetwa na kondakta wa basi la Embu. Alikufa mwaka wa njaa pale kijijini, watu walipokuwa hawaruhusiwi kwenda mashambani. Njeru alikuwa bado kambini na hakuna aliyemwandikia.

Aliachiliwa karibu na mwisho wa Emajensi. Alienda kwanza nyumbani Embu, na huko akaambiwa. Zikapita mvua mbili ndipo akaja Meru. Nilikuwa juu, nikasikia mtu anapanda ngazi polepole. Alikuwa amebaki mifupa na lile koti. Hakunisalimu kwanza. Alienda kwenye mashine, akapitisha kidole kwenye lile tundu, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa safi. Ndipo akanipa mkono.

Nilimwita Mzee, nikampa pole ya mkewe. Akasema ameshapoa. Tukakaa. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo, na nilipofungua mdomo yalitoka ovyo ovyo. Nilimwambia Jumamosi ile niliacha mwisho. Nilimwambia sikujua nilichokuwa nikisema pale kwenye lori, na baadaye nilipojua hakukuwa na njia ya kumfikia. Nikamwambia mwisho wenyewe si ule.

Aliniangalia mikono.

“Nataka kuuona,” akasema.

Haji aliandika Nairobi. Picha ikaja baada ya wiki mbili, mkanda umechakaa, una mikwaruzo kama umenyeshewa. Njeru hakutaka yote. Siku ya Ijumaa asubuhi tulifunga madirisha kwa gunia, yeye akakaa kwenye benchi la katikati peke yake, na Haji kwa mkono wake mwenyewe akanipa kaboni mpya bila kuuliza. Nikaweka rili ya kumi na sita.

Dakika kumi hizo sikutazama ukuta. Nilimtazama yeye kupitia tundu. Mwanamume akakimbia njia yote, na Njeru akasogea mbele kwenye benchi, ingawa nilikuwa nimeshamwambia. Bangili ikatolewa. Wimbo ukaja, na nikamwona mabega yake yakitikisika, na mimi huku juu machozi yalinishuka nikashindwa kuona kaboni. Taa ikafifia, nikaikamata kwa bahati.

Mkanda ulipoisha hakuinuka mara moja. Halafu akapanda ngazi. Akaitoa ile rili mwenyewe, akairudisha kwa mkono kutoka mwisho hadi mwanzo, bila haraka, kidole kikipapasa ukingo kutafuta palipochanika, vile alivyonifundisha. Akaiweka ndani ya mkebe, akakandamiza kifuniko.

“Wamekosea,” akasema. “Ule wako ulikuwa afadhali.”

Akapangusa mikono kwa kile kitambaa changu, akaniuliza Jumamosi tunaonyesha nini. Nikamwambia ni kauboi, mikebe minane. Akavua koti, akalitundika kwenye ule msumari wake wa zamani ambao sikuwahi kuutundikia kitu, akaniuliza mafuta ya mashine siku hizi tunayaweka wapi.